Unyevu, Adui wa Spika Kando ya Ziwa Kivu

Mwenye kukaa Minova, ufukoni mwa ziwa Kivu, hana haja ya kufundishwa habari za unyevu. Tangu Septemba mpaka Mei mvua ni nyingi, viatu huota kuvu chini ya kitanda, na chumvi huloa ndani ya kikopo. Lakini spika, ambazo huku wengi huziita bafle, husukumwa pembeni gizani kama magunia ya mihogo. Kisha watu hustaajabu zikikoroma siku ya arusi. Nazo mara nyingi zimenunuliwa kwa michango ya kwaya nzima.

Tuangalie basi ndani yake. Sauti hutoka katika koni, mara nyingi ya karatasi ngumu, isukumwayo na koili ya waya mwembamba ichezayo katika mwanya wa sumaku ulio finyu mno. Rice na Kellogg wa Marekani waliieleza namna hii mwaka 1925, na hata leo haikubadilika sana. Karatasi ikinywa maji huwa nzito na legevu, gundi huachia, chuma hushika kutu, na unga wa kutu hukwaruza koili. Sanduku la mbao za unga uliogandamizwa hufura, wala halirudii umbo lake.

Tena si mvua peke yake iletayo maji. Watu mia wakiimba chumbani, pumzi zao hujaza hewa mvuke. Milango ikifungwa mara tu watokapo, baridi ya usiku huugeuza mvuke ule kuwa matone juu ya vyuma. Kwa hiyo acheni madirisha wazi kwanza, hewa itoke.

Spika ikae juu ya vibao, mbali kidogo na ukuta, imefunikwa kitambaa cha pamba. Nailoni iliyofungwa kabisa hufungia unyevu ndani. Bakuli la chumvi, ambalo wengine hulisifu, silipendi: chumvi huyeyuka, na maji yake hula chuma. Afadhali kuipigisha spika kila juma, hata nusu saa.

Ikilowa, msiiwashe. Ondoeni waya, iwekeni kivulini penye upepo siku kadhaa, wala msiisogeze jikoni penye moto, maana joto kali hulainisha gundi na kupinda koni.