Kadi ya mtumba yaipiku mpya kwa kumbukumbu

Anayeboresha kompyuta ili afundishe modeli za akili bandia asikimbilie kadi ya grafiki kwa sababu tu ni ya karibuni. Nvidia RTX 4080, iliyoingia sokoni Novemba 2022 kwa dola 1,199 za Marekani, ina kumbukumbu ya gigabaiti 16. RTX 3090 ya mwaka 2020 ina 24, nayo hupatikana mtumba. Modeli isiyoenea kwenye kumbukumbu ya kadi hukwama au hujikokota, hata kadi iwe na kasi gani.

Lakini mtumba una mtego wake. Uchimbaji wa sarafu ya Ethereum ulipokoma Septemba 2022, kadi zilizotumika usiku na mchana zilimwagwa sokoni. Mnunuzi aijaribu ikiwa na mzigo kabla ya kulipa, tena abakize fedha za pawa saplai: 3090 hula wati 350. Prosesa ghali inaweza kusubiri.