Nyungu ya Bibi na Mipaka Yake: Dawa za Mafua katika Nyumba za Kashai

Masika yaingiapo Bukoba, mvua hunyesha siku kwa siku, na ukungu wa Ziwa Viktoria hutanda juu ya mapaa hata jua likapanda. Mji huu hupata mvua ya takriban milimita 2000 kwa mwaka, nao umekaa mahali pa juu, zaidi ya mita 1100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo alfajiri zake zina baridi. Katika nyumba za Kashai, ambamo watoto wanne au watano hulala chumba kimoja, mmoja akianza kupiga chafya Jumatatu, hata Ijumaa aghalabu hasaliki mtu. Hapo Bibi hutoka uani, akachuma kivumbasi na majani ya mkaratusi, akatia tangawizi na ganda la limau, akateleka nyungu. Mgonjwa hufunikwa shuka, akavuta mvuke hata jasho likamtiririka.

Twataka leo tuzungumze na wasomaji wetu juu ya dawa hizo za nyumbani: zafanya nini, hazifanyi nini, na ni wakati gani yampasa mwenye nyumba kuiacha nyungu jikoni na kushika njia ya zahanati.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba mafua hayaletwi na mvua yenyewe. Huletwa na virusi, na aina zake zapita 200. Mvua hutufungia ndani, madirisha yakafungwa, pumzi ya mmoja ikawa pumzi ya wote. Ama homa kali ya mafua, yaani influenza, ni ugonjwa mwingine wenye kirusi chake, kilichopatikana kwa binadamu huko London mwaka 1933. Mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa muda wa siku saba hadi kumi. Basi mtu akinywa chai ya mchaichai siku ya sita, akapona siku ya nane, huisifu chai. Na lau asingeikunywa, huenda angalipona siku ile ile.

Lakini tusije tukawadharau wazee wetu. Elimu yao ya majani si upuuzi, na wataalamu wenyewe wameiendea kwa heshima. Tangu mwaka 1974 pana taasisi ya tiba asili huko Muhimbili, na mwaka 2009 na 2010 watafiti walichapisha habari za mimea itumiwayo na Wahaya wa Bugabo na wa Katoro, humu humu Bukoba. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, ili kazi hii ipate utaratibu na usimamizi.

Watazame mubilizi, mti ule mchungu ambao katika Kagera hauhitaji kuelezwa. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtaalamu mmoja alimwona sokwe jike mgonjwa, aliyeitwa Chausiku, akitafuna kiini cha kijiti cha mti huo na kufyonza maji yake machungu, na baada ya siku moja hivi hali yake ikawa njema. Tangu hapo wataalamu wameupima mti huo, wakakuta ndani yake vitu vyenye nguvu juu ya vijidudu na minyoo. Lakini kitu kuwa na nguvu ndani ya chupa ya maabara ni jambo moja, na kumponya mtoto mwenye homa ni jambo jingine.

Ama asali, sote twajua jinsi Qurani Tukufu, katika Sura ya An-Nahl, inavyomtaja nyuki na kinywaji kitokacho tumboni mwake, kwamba mna ponyo kwa watu. Na utafiti wa siku hizi waonyesha kwamba kijiko cha asali wakati wa kulala hupunguza kikohozi cha mtoto usiku. Ila mama na ashike neno hili: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, hata tone. Ndani yake huweza kuwamo mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mkubwa hukishinda, lakini tumboni mwa mtoto mchanga hutoa sumu ya kulegeza viungo, na pumzi ikaweza kukatika.

Na mvuke je? Mvuke huilainisha pua iliyoziba, na mgonjwa hupata raha. Hauviui virusi vilivyomo mwilini. Katika mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, watu wengi nchini walijifukiza wakidhani wamejikinga. Lakini raha ya pua si ngao ya mapafu. Tena mvuke una hatari yake. Nyungu ikipinduka chini ya shuka, maji yachemkayo huunguza mapaja na tumbo. Kwa hiyo mtoto mdogo asifunikwe na nyungu kamwe. Mkubwa naye aiepue motoni kwanza, aiweke mahali palipo imara, wala asikae akiwa peke yake kama ana kizunguzungu.

Wala si sisi peke yetu wenye kutegemea majani. Katika nchi za Ulaya upo mti uitwao kwa jina la kitaalamu Sambucus nigra, wenye vitunda vidogo vyeusi ambavyo watu huvipika pamoja na sukari, wakapata sharubati ya kutibu mafua. Ndugu zetu waishio ughaibuni huiona madukani. Mwaka 1995 watafiti wa Israeli waliandika kwamba waliokunywa sharubati ile walipona homa ya mafua mapema. Lakini jaribio hilo lilikuwa la watu wachache. Mwaka 2020 jaribio kubwa zaidi la Marekani halikuona faida yoyote. Na mwaka 1983, huko California, watu 11 waliugua baada ya kunywa maji ya vitunda vya mti wa jamii hiyo, vilivyokamuliwa vibichi pamoja na majani yake, hata 8 kati yao wakachukuliwa kwa helikopta kupelekwa hospitali. Vikipikwa ni chakula. Vikiwa vibichi, pamoja na majani na vijiti, vina sumu. Basi neno la kwamba kitu cha asili hakidhuru si kweli, si Ulaya wala Kashai.

Hata hivyo, madhara makubwa ya dawa za nyumbani hayatoki kwenye majani. Hutoka kwenye kuchelewa. Tulipata kuketi katika nyumba moja ya Kashai ambamo mtoto wa miaka mitatu alikuwa na homa siku ya tatu. Mama yake alimwambia mama mkwe kwa adabu:

"Mama, naomba ruhusa nimpeleke akapimwe. Usiku homa ilipanda tena."

Bibi akajibu: "Mwanangu, mumeo nilimlea kwa majani haya haya. Ngoja kesho."

Kesho yake mtoto hakuweza kushika ziwa wala uji, na macho yakalegea. Alipofikishwa kwenye matibabu, kipimo cha tone la damu kilionyesha malaria, naye akalazwa siku kadhaa. Alhamdulillahi, alipona. Tuliporudi kuwajulia hali, yule bibi alituambia bila kuficha: "Majani hayakunidanganya, wanangu. Mimi ndiye niliyeyauliza neno yasilolijua. Sasa nikiona homa, kwanza kipimo, kisha chai."

Maneno hayo yatosha kuwa somo. Katika Kagera homa haina sura moja. Malaria huanza kwa kuumwa kichwa na maungo, kama mafua. Na nimonia hujificha nyuma ya kikohozi. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kwamba homa iliyowaua watu katika Bukoba Vijijini ilikuwa ya virusi vya Marburg. Hata ulipotangazwa mwisho wake tarehe 2 Juni mwaka ule, watu 9 walikuwa wameugua, na 6 kati yao wamefariki, akiwamo mtumishi wa afya. Mwezi Januari 2025 ukatangazwa tena katika mkoa huu huu, Biharamulo. Na homa ya Marburg nayo, siku zake za kwanza, huweza kudhaniwa kuwa mafua mazito tu. Anayemfunika shuka mgonjwa wa namna hiyo na kumfuta jasho kwa mikono mitupu hujitia hatarini yeye na nyumba yake.

Basi dalili za kuiacha nyungu ni hizi. Homa ya mwili yenyewe, hasa kwa mtoto na mja mzito, ipimwe malaria siku ile ile. Mtoto akipumua mbio, mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi akiwa na mwaka mmoja hadi mitano, au kifua chake kikibonyea ndani kila avutapo pumzi, apelekwe mara moja. Kadhalika akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kusinzia kupita kawaida. Na mtu yeyote mwenye homa pamoja na kutokwa damu asiguswe ovyo; wahudumu wa afya waarifiwe upesi.

Pengine mtu atasema: je, kwenda kwa daktari si upungufu wa imani? Hapana. Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (s.a.w.) alimzuru, akaweka mkono juu ya kifua chake, kisha akamwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif. Mkono wenye baraka ulikwisha kuwekwa, na bado mgonjwa akaelekezwa kwa mjuzi. Kadhalika imepokewa kwamba anayetibu watu hali hajulikani kwa elimu ya utabibu, yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Na walitafakari neno hilo wale wauzao sokoni chupa moja inayodaiwa kuponya mafua, kisukari na shinikizo la damu kwa pamoja.

Kwa hiyo, enyi vijana, msiwacheke bibi zenu. Kaeni nao, mjifunze majina ya majani kabla hayajasahauliwa, mkawapikie chai ya tangawizi wanapokohoa. Nanyi wazee wetu, kijana asemapo "Twende tukapime," msimwone amewavunjia heshima. Fungueni madirisha hata wakati wa mvua, nawisheni watoto mikono, na anayekohoa afunike mdomo wake.

Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye Mponyaji, azijaalie afya nyumba zetu, na atupe busara ya kutumia kila dawa mahali pake. Amin.