Homa moja, magonjwa mawili: 'Wembe' wa madaktari ambao wazazi hatuujui

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya watoto, nimempeleka mtoto wa dada yangu. Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Ndani alikuwamo mama na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye homa ya siku nne na kikohozi. Daktari akamgeukia mwanafunzi wake: "Ukitumia wembe wa Occam, hapa utasema nini?"

Mama akamvutia mtoto kifuani. "Wembe wa nini tena, daktari? Si ni homa tu?"

Foleni nzima tulicheka. Lakini nikiri, kabla sijaanza kuandika habari za afya, hata mimi ningeshtuka. Jioni nikauliza kwenye kundi la WhatsApp la familia. Shangazi akadhani ni mambo ya jando. Binamu yangu, shabiki wa mpira, akajibu "wembe ni ule ule". Aliyeujua ni mmoja tu, aliyesoma falsafa chuo kikuu, na yeye akasema hajawahi kuusikia nje ya darasa.

Wembe wenyewe ni wa mawazo. Umepewa jina la William wa Ockham, mtawa Mfransisko wa Uingereza aliyeishi karne ya 14, ingawa jina hilo lilikuja karne kadhaa baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba kama sababu moja inatosha kueleza jambo, usiongeze ya pili, zilizozidi nyoa. Daktari akikuta homa, kikohozi na mtoto anakataa kula, hufundishwa kutafuta kwanza ugonjwa mmoja unaoeleza yote matatu.

Ajabu ni kwamba jina hatulijui, ila wembe tunao, tena mkali. Mtoto akichemka usiku, katika nyumba nyingi jibu ni moja: malaria. Asubuhi ni duka la dawa, dawa mseto, bila kipimo. Kila kinachofuata, awe anatapika, anaharisha au anakohoa, tunakiingiza humo humo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulichunguza watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliofika hospitali wakiwa na homa, Dar es Salaam na Ifakara. Wenye malaria walikuwa takriban 1 kati ya 10. Zaidi ya 6 kati ya 10 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Na hapa ndipo wembe unapokwaruza: zaidi ya mtoto 1 kati ya 5 alikutwa na ugonjwa zaidi ya mmoja kwa wakati ule ule. (Usisome hivi ukaacha kupima malaria. Kuna mikoa ambako ni nyingi kuliko hapo.)

Madaktari wenyewe wana msemo wa kuujibu wembe, unaohusishwa na daktari wa Marekani, John Hickam: mgonjwa anaweza kuwa na magonjwa mengi kadiri apendavyo. Huo nao sijamkuta mzazi anayeujua, na ndio ningependa tuujue zaidi.

Kwa hiyo kipimo kikionyesha malaria, kimejibu swali moja tu. Kama mtoto anakohoa, muulize daktari, "Na kifua kikoje?" Ukiwa nyumbani, mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu yako. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilala bila kuamshika, usisubiri kukuche.

Yule mama nilikutana naye tena kwenye dirisha la dawa. Mwanaye alikutwa na malaria, na nimonia pia. Siku zote nne alikuwa akimpa dawa ya malaria ya dukani na kusubiri kikohozi kiishe chenyewe.

"Mimi nilijua ni kitu kimoja," aliniambia, huku akisoma maelekezo kwenye pakiti ya pili.