Brashi ya Hewa Nyumbani: Kazi Yake, Usafi Wake na Kifua cha Mtoto

Kila tunaposhuka Mombasa kwa Idi, jamaa wakishatuuliza habari za baridi ya Nakuru huuliza habari za kijana wetu na treni zake. Wengine huuliza kwa kicheko. Safari hii tumeona tuwajibu kwa maandishi, kwa kuwa jambo lenyewe limetufunza mengi juu ya hewa tunayoivuta ndani ya nyumba, na tunajua kwamba nyumba kadhaa za Pwani sasa zina chombo kile kile, ama mikononi mwa kijana apendaye kuunda vitu vidogo, ama mikononi mwa mama apambaye keki za harusi.

Chombo hicho ni brashi ya hewa. Ni mfano wa kalamu nene ya chuma. Juu yake mna kikombe kidogo cha rangi, na chini huungwa mpira uletao upepo kutoka kwenye kompresa. Ndani mna sindano ndefu iliyoziba tundu la mbele, na tundu hilo katika chombo chetu lina upana wa milimita 0.3 tu. Kidole kikibonyeza kitufe, upepo hutoka. Kikikivuta nyuma, sindano hurudi na rangi hutoka pamoja na upepo kama ukungu. Kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1870, na kwa muda mrefu kilikuwa chombo cha mafundi wa kurekebisha picha za kamera. Leo hapa kwetu hujulikana zaidi kwa mafundi wanaopamba matatu.

Babu yake kijana aliletwa Nakuru na kazi ya reli. Reli yenyewe ilifika hapa mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikafika Kisumu kwenye ziwa. Mzee alistaafu, akabaki Bondeni, na hadithi zake zote zilikuwa za magari ya moshi. Basi tulipompeleka mjukuu kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi, akasimama mbele ya Mount Gelai, tukajua kwamba hatutaondoka upesi. Gari hilo ni la aina ya 59, mojawapo ya 34 yaliyoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Urefu wake ni takriban mita 32, uzito wake tani 250 hivi, na rangi yake ni ile tuiitayo damu ya mzee.

Kijana akaamua kuliunda kwa kipimo cha moja kwa hamsini, yaani sentimita 63 kutoka ncha hadi ncha. Tangi la mvuke alilifanya kwa kipande cha bomba la maji la inchi mbili, magurudumu kwa vifuniko vya chupa, ngazi kwa waya. Sisi wazee tulifurahi kwamba amechagua mashine; sanamu za viumbe hatuziweki nyumbani, na mjadala huo hatukutaka kuurudia kila Jumamosi. Shida ilikuja kwenye rangi. Alipaka kwa brashi ya kawaida, na misumari midogo aliyoibandika mmoja mmoja kwa mwezi mzima ikazama ndani ya rangi kama mawe ndani ya uji. Kwa kitu kidogo namna hiyo rangi yataka iwe nyembamba mno, na wembamba huo mkono hauuwezi. Ndipo tulipokubali kununua brashi ya hewa na kompresa ndogo, kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya mapazia.

Tuseme kidogo juu ya kuitumia. Rangi huchanganywa hadi ikawa nyepesi kama maziwa; ukiinamisha kikombe iteremke pembeni bila kuacha utando mzito. Upepo, kwa rangi za maji na kazi ndogo, tunauweka kati ya psi 15 na 20. Mkono huanza kwenda kabla rangi haijatoka, na rangi hufungwa kabla mkono haujasimama, la sivyo pale uliposimama patakuwa na dimbwi. Ukisogea karibu mno au rangi ikiwa maji mno, hutambaa kwa miguu mingi kama buibui. Tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikisubiri mwenzake kukauka, hushinda moja nzito. Na bomba la plastiki lazima kwanza lisuguliwe kwa msasa mwororo na kupakwa rangi ya msingi, maana ni laini na rangi hubanduka kama ganda la kitunguu.

Hapa pana tofauti ambayo mtu wa Pwani yafaa aijue. Nakuru iko juu, kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi hewa yake ni kavu. Rangi ya maji hukauka kwenye ncha ya sindano kijana akiwa bado anapuliza, na kila baada ya dakika chache hana budi aifute ncha kwa kitambaa chenye unyevu. Ndugu yetu wa Kisauni aliyejaribu chombo kama hicho alipata kinyume chake: hewa ya Mombasa imejaa maji, kompresa huyakusanya, nayo hutoka mbele ghafla kama chafya na kuharibu kazi. Yeye alihitaji kichujio cha maji kwenye mpira. Sisi adui wetu ni vumbi. Ukipita Gilgil karibu na Kariandusi utaona ardhi nyeupe ya daitomaiti inayochimbwa huko. Kichekesho ni kwamba unga huo huo viwanda huutia ndani ya rangi ili kuondoa mng'aro. Kwetu vumbi huja bila kuitwa na bila kipimo.

Sasa usafi, na hapa ndipo chombo hiki hupenda au huchukia nyumba. Kupuliza kwa dakika kumi hudai kusafisha kwa dakika kumi nyingine, na mwanzoni kijana hakuliamini hilo. Rangi iliyobaki humwagwa, kikombe hupanguswa, kisha hutiwa maji au dawa ya kusafishia inayolingana na rangi iliyotumika, yakapulizwa ndani ya mtungi uliozibwa kwa kitambaa hadi yatoke meupe. Halafu sindano hulegezwa kwa nyuma na kuchomolewa polepole. Hufutwa kwa kuivuta ndani ya kitambaa kuelekea nchani, ikizungushwa. Ukiifuta kwa kurudi nyuma utajidunga au utaipinda ncha, na sindano iliyopinda hutupa rangi upande mmoja maisha yake yote. Chombo kizima hakilowekwi ndani ya thina, kwa sababu zile pete za mpira zilizo ndani huvimba, na upepo huanza kuvuja. Mapovu yakionekana ndani ya kikombe, ujue tundu limeziba au halikukazwa sawasawa.

Kile kipande cha mbele chenye tundu ni kidogo kuliko punje ya mchele. Chetu cha kwanza kilikwenda na maji kwenye sinki, siku ya Alhamisi, kijana akiharakia kumaliza kabla ya adhana ya magharibi. Tulifungua bomba la chini, tukapata kijiko cha chai kilichopotea tangu Ramadhani, lakini hicho hatukukipata. Tulingoja kipuri kwa wiki saba. Tangu siku hiyo hapana kinachofunguliwa juu ya sinki. Hufunguliwa juu ya sinia lenye taulo jeupe.

Hayo yote ni hasara za fedha. Lililotutia hofu lilitokea mwezi wa Julai, wakati wa baridi. Kijana alipewa na fundi wa magari mabaki ya rangi ya aina mbili, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, yenye mng'aro kama kioo. Alipuliza chumbani, dirisha limefungwa. Alipomaliza alijaza thina kikombeni na kuipuliza hewani mara tatu nne, kwa kuwa ndivyo alivyoona wengine wakifanya. Dada yake ana miaka tisa na ana pumu. Chumba chake kimetenganishwa na kile kwa pazia.

Saa nane za usiku tulimsikia akivuta pumzi kwa sauti ya filimbi. Dawa yake ya kuvuta haikumsaidia kama siku zote. Tulimfunga kwa kanga mbili, tukatafuta gari, na hadi alfajiri tulikaa naye akiwa amefunikwa mdomo na pua kwa kikombe cha mvuke wa dawa. Daktari alituuliza kama mna kitu kilichopulizwa nyumbani. Tukatazamana. Kijana ndiye aliyejibu, na tangu siku hiyo hatujaona haja ya kumlaumu zaidi.

Mafundi wenye uzoefu walitueleza baadaye tusilolijua. Dawa ya kugandisha katika rangi nyingi za aina mbili ina kemikali ziitwazo aisosayaneti, nazo hujulikana kwa kusababisha pumu hata kwa mtu mzima aliyekuwa mzima. Kifua kikishazikataa mara moja, kiasi kidogo mno hutosha kukiamsha tena. Kifuniko cha karatasi cha mdomo hakizuii mvuke wake. Katika gereji zinazofuata taratibu, mpulizaji huvaa kifuniko kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Rangi hiyo haina kazi ndani ya nyumba ya watu. Na thina iliyopulizwa ikawa ukungu hushika moto upesi, nasi jikoni tuna jiko la makaa na jiko la gesi. Hata rangi ya maji, ambayo haina harufu kali, ikishakuwa ukungu huingia mapafuni pamoja na chembe zake.

Basi tulibadili mambo. Rangi ni za maji peke yake. Kazi hufanywa uwani, chini ya paa la mabati, ndani ya sanduku lililokatwa upande mmoja, na feni yake huvuta ukungu kuutoa nje kuelekea ukuta usio na dirisha. Kijana huvaa kifuniko chenye vichujio vya mkaa, na kanzu ya kazi huvuliwa huko huko. Awali alikuwa akiingia msikitini akinuka thina, na wazee wa safu ya kwanza walikuwa wakigeuka. Maji ya kusafishia hayamwagwi kwenye mfereji. Huachwa ndani ya ndoo hadi rangi itulie chini na kukauka.

Limebaki la akina mama. Wako mliotuuliza kama brashi moja yaweza kutumika kwa treni leo na kwa keki kesho ikiwa imesafishwa vizuri. Haiwezi. Rangi hujificha nyuma ya sindano na kwenye pete za mpira, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na haikutengenezwa iliwe. Ile ya keki inunuliwe mpya, ifungwe utepe wa rangi yake, ikae jikoni, nayo isafishwe kila mara kabla sukari haijaganda ndani. Someni pia kibandiko cha rangi zenyewe: zipo zilizochanganywa na kileo ili zikauke upesi, na zipo za maji, na ile nyekundu iandikwayo E120 hutokana na wadudu, jambo ambalo wanazuoni wamehitilafiana. Muulizeni mnayemwamini.

Mount Gelai sasa iko juu ya kabati la vyombo, mwili wake umeiva damu ya mzee na misumari yake yote yaonekana. Magurudumu hayajapakwa. Kwa wiki mbili upepo wa Menengai umekuwa ukirusha vumbi hadi uwani, na kijana hathubutu kufungua kikombe. Dada yake amekwisha kumkatia namba 5918 kwa karatasi ya dhahabu, ameziweka ndani ya kitabu chake cha chuoni zisikunjike, na kila asubuhi akitoka hutazama kamba ya nguo kuona kama inatikisika.