Kombe la wanawake England lanona, klabu ndogo bado zabana mkanda

Mfuko wa zawadi wa kombe la mtoano la soka la wanawake nchini England ulipanda kutoka chini ya pauni 500,000 hadi milioni 3 msimu wa 2022/23, kisha milioni 6 msimu uliofuata. Maofisini, huo ndio ushahidi kwamba biashara imekua. Kwa wanaolipa bili za klabu za madaraja ya chini, hesabu ni nyingine.

Mweka hazina wa klabu moja ya aina hiyo, aliyeomba asitajwe, anasema raundi za awali humwachia madeni. Basi la kukodi, waamuzi, kodi ya uwanja na chakula cha wachezaji havisubiri matokeo, zawadi husubiri. Mvua ikiuharibu uwanja, mechi huahirishwa na fedha za basi zimeshakwenda. Kinachomkera zaidi ni mgawo. Mwaka 2021 bingwa wa wanawake alipata pauni 25,000, wa wanaume milioni 1.8. Mwaka 2023 ikawa 100,000 kwa milioni 2: pengo la mara 72 likashuka hadi mara 20. Anauliza kama mwenye basi humpunguzia nauli mchezaji kwa kuwa ni mwanamke.

Afisa mmoja anayeyajua mapato ya kombe hilo anajibu kwamba zawadi hufuata soko, na soko linapanda. Anataja uwanja wa Wembley: fainali ya kwanza hapo, mwaka 2015, iliingiza watu 30,710, ya 2023 watu 77,390. Hakugusia kwamba mwaka 2024 waliingia 76,082, na 2025 wakawa 74,412. Wala hakusema tiketi ngapi ziliuzwa kwa bei ya chini.

Soko lenyewe halikudumaa kwa hiari yake. Desemba 1920 mechi ya wanawake kwenye uwanja wa Goodison Park ilivuta watu wapatao 53,000. Mwaka uliofuata chama cha soka cha England kikawafungia wanawake viwanja vya klabu wanachama wake, sababu mojawapo ikiwa madai kuhusu matumizi ya viingilio. Kombe likaja kuanza msimu wa 1970/71.

Huenda mfuko ukaongezeka tena, wadhamini wakibaki. Klabu zinazobebwa na timu zao za wanaume zinaweza kungoja. Mweka hazina wetu anasema yeye hupanga bajeti kana kwamba zawadi haipo, na ni vigumu kumlaumu.