Nywila Mpya Haipunguzi Foleni

Kila ugomvi wa mataifa ukihamia mtandaoni, swali ninaloulizwa ni lile lile: "Mtaalamu, nibadilishe namba ya siri?" Niliulizwa Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilipolemewa, na hadi leo bado naulizwa. Jibu ni hapana.

Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijigamba Telegram kwamba ndilo lililoshambulia, likidai Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Mwezi huohuo serikali ya kijeshi ya Sudan ilikuwa imemkataa Rais William Ruto asiongoze usuluhishi wa vita vya Sudan chini ya jumuiya ya kikanda ya IGAD, ikidai anaegemea upande wa wapiganaji wa RSF. Wakati huo huduma zaidi ya 5,000 za serikali zilikuwa zikipitia eCitizen. Kununua tokeni za umeme kukawa taabu, tiketi za treni vilevile, na wageni waliokosa viza ya mtandaoni wakaruhusiwa kuipata wakishafika.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji nywila yako. Seva ilimiminiwa maombi ya uongo hadi ikashindwa kuhudumia ya kweli. Ni sawa na watu elfu moja kupanga foleni benki, kila anayefika dirishani aulize saa, kisha arudi mkiani. Fedha zimo kabatini, hazijaguswa, ila mwenye shida hafiki dirishani. Waziri wa Habari na Mawasiliano wa Kenya wa wakati huo, Eliud Owalo, alisema wazi kwamba hakuna data iliyopotea. Watu wakaendelea kubadilisha nywila.

Tena dawa hiyo inalisha ugonjwa. Mshambuliaji mjanja hutafuta kurasa zinazoichosha seva, na ukurasa wa kuingia ni mmojawapo. Mifumo iliyojengwa vizuri huchakata nywila polepole kwa makusudi, ili mwizi asiweze kubahatisha mamilioni kwa dakika. Kwa hiyo kila nywila inayobadilishwa ni kazi nzito kwa seva. Umma ukikimbilia huko kwa pamoja, unamsaidia adui bila malipo.

Wengine wananiambia simu zao "zimeingiwa", basi wanapakua programu ya kusafisha virusi waliyotumiwa WhatsApp. Soma mashtaka yaliyowekwa wazi Marekani Oktoba 2024 dhidi ya ndugu wawili wa Sudan wanaodaiwa kuendesha kundi hilo: mashambulizi zaidi ya 35,000, yaliyotumwa kupitia seva za kukodi. Simu yako haikuhitajika. Programu uliyotumiwa kwa WhatsApp, hiyo ndiyo ya kuogopa. Na anayekupigia simu siku hiyohiyo akijiita "huduma kwa wateja", akiomba namba ya siri "akulinde", huyo ndiye mwizi uliyekuwa unamtafuta.

Namba ya siri ibadilishe ukishamtajia mtu, au taasisi ikitangaza kuwa data zimeibwa. Basi.

La kufanya ni hili. Mwananchi: nunua tokeni kabla hazijaisha, pakua vyeti vyako na uvihifadhi, weka akiba ya fedha taslimu, programu ikigoma jaribu menyu ya USSD, na taarifa zisome kwenye kurasa rasmi. Taasisi: chujeni maombi kabla hayajafika kwenye seva, wekeni kikomo cha maombi kwa kila anwani ya mtandao, msirundike huduma zote nyuma ya mlango mmoja, na muwe na utaratibu wa karatasi uliokwisha kufanyiwa mazoezi. Estonia iliposhambuliwa mwaka 2007, wakati wa mvutano na Urusi kuhusu sanamu ya askari wa Kisovieti, walifunga kwa muda maombi kutoka nje ya nchi ili raia wao wahudumiwe. Iliwagharimu, lakini ilisaidia.

Mashambulizi ya aina hii hulenga kuiaibisha serikali na kuwatia wananchi hofu. Tovuti ikizimika, subiri irudi, na namba yako ya siri usimtajie mtu.