Hashi Haifichi Namba ya Simu

"Si tumeshaiweka hashi?" Nimeulizwa tena, safari hii Nyashimo, na watu wa ushirika wanaotaka kuweka kumbukumbu za pamba kwenye blokicheni ya faragha pamoja na wachambuaji, ili mnunuzi wa ng'ambo ahakikishe pamba imetoka wapi. Namba za simu za wakulima zitageuzwa hashi, wakasema, kwa hiyo mnunuzi anaweza kukabidhiwa leja nzima, yaani daftari lote la kumbukumbu.

Hapana. Nimechoka kulisema hili, lakini nitalisema. Hashi, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye data, hairudi nyuma, kama unga usivyorudi kuwa mahindi. Mwizi, hata hivyo, hana haja ya kuurudisha unga: anasaga kila punje, kisha analinganisha. Namba zetu za simu za mkononi hapa Tanzania huanza na 06 au 07, zikifuatwa na tarakimu nane. Jumla yake ni milioni 200 tu. Nilimwomba mmoja wao anipe hashi ya namba yake kwa SHA-256, zile herufi na tarakimu 64, basi. Kompyuta mpakato yangu ya kawaida ikaanza na 0600000000 ikapanda. Baada ya dakika chache nikamsomea namba yake, tarakimu kwa tarakimu. Akanyamaza.

Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, nayo isiwadanganye kwa urefu wake: tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Na leja haifutiki. Hashi ikishafumbuliwa, inajulikana nani kalipwa shilingi ngapi, siku gani, na simu yake hii hapa.

Fanyeni hivi. Jina, simu na malipo visiingie kwenye leja. Hyperledger Fabric ina mikusanyo ya data za faragha: data hukaa kwenye seva za wahusika waliotajwa, leja ikabeba hashi pekee. Hashi hiyo itieni chumvi, yaani namba ndefu isiyobashirika, tofauti kwa kila rekodi. Mkulima akidai taarifa zake zifutwe, futeni data pamoja na chumvi. Mnunuzi msimuunganishe na mtandao wenu. Mpeni rekodi ya shehena yake tu, kijiji, msimu na kilo, pamoja na chumvi yake, apige hashi mwenyewe na kuilinganisha na iliyosainiwa na wanachama. Rekodi hiyo itumeni ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa umma wa mnunuzi. Na kabla ya kusaini mkataba, someni masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023.